Kikombe Chenye Moshi

"Safi," alisema Sabuni. "Rangi inang'aa, ukakasi wa kutosha, haina kasoro."

Alitema chai kwenye ndoo yake, akajifuta midomo, akasubiri mwenzake wa upande wa pili wa chumba aseme neno lake.

Neno halikuja.

Katika chumba kile cha kuonjea chai, kazi ilikuwa na utaratibu wake. Mwonjaji wa kwanza alivuta chai kwa kijiko, kwa ule mvumo mkubwa ambao mama yake Sabuni aliuita utovu wa adabu unaolipwa mshahara, akaizungusha mdomoni, akatema, akasema alichoonja. Wa pili alionja chai hiyohiyo na kujibu moja kati ya mawili: "Nimekubali," au, kama ana shaka, "Narudia." Mkuu wa chumba alisimama katikati, mikono nyuma, akisikiliza. Kabla ya ugonjwa walipita wote kwenye safu moja ya vikombe, bega kwa bega, na ni hapo, kati ya kikombe na kikombe, ndipo mambo yao wawili yalipoanzia. Sasa kila mmoja alikuwa na meza yake, vikombe vyake na ndoo yake. Madirisha yote yalikuwa wazi, na barakoa ilishushwa kidevuni kwa muda wa kuonja tu.

Kijana wa meza ya pili aliitwa Ulimi. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wenzake, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka siku aliyokosea. Naye ndiye aliyembandika Sabuni jina lake, kwa sababu binti huyu hakuweza kupita penye bomba bila kunawa. Mwanzoni Sabuni alinuna. Baadaye akaona akiitwa jina lake halisi na Ulimi, anahisi kama amegombezwa.

Ulimi alikuwa bado ameshika kijiko hewani. Alimtazama. Haukuwa ule mtazamo wa kila siku, wa kuibia, ambao ulimfanya Sabuni asahau alikuwa kwenye kikombe gani. Ulikuwa mtazamo wa mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake uko wazi na hakumbuki kuuacha wazi.

"Nimekubali," alisema hatimaye.

Mkuu, ambaye hakuzoea kumsikia Ulimi akisita, akageuza shingo. "Umekubali?"

"Nimekubali, Mkuu."

"Haya," alisema Mkuu polepole, kama mtu aliyesikia paka akibweka, akatoka.

Sabuni alipandisha barakoa zake mbili, moja juu ya nyingine. Alidhani ameuelewa mtazamo ule. Alidhani ni habari ya kesho.

Kesho wazazi wa Ulimi walitakiwa kuja nyumbani kwao Sabuni kuzungumza, na Ulimi mwenyewe angeingia nao sebuleni kwa mara ya kwanza. Mama yake Sabuni alikuwa na mapafu mabovu tangu zamani. Tangu ugonjwa uingie, alikuwa akizungumza na watu kupitia dirishani kama muuza tiketi. Kwa hiyo Sabuni aliweka sharti moja: Ulimi achanjwe kwanza. Wazazi wake walikwisha kuchanjwa. Sabuni na mama yake pia. Aliyebaki ni yeye, na kila alipoulizwa alijibu, "Nipe muda." Wiki iliyopita Sabuni alichoka, akamwambia maneno ambayo yeye mwenyewe yalimtisha alipoyasikia yakitoka: "Sindano, au mimi. Chagua."

Ulimi aliahidi kutoa jibu leo, kazi ikiisha. Na kazi ilikuwa imeisha.

"Njoo stoo," alimwambia kwa sauti ya chini. Akatangulia.

Stoo ilikuwa imejaa mifuko ya chai mpaka karibu na dari. Wageni walioingia humo walipiga chafya kwa ukali wa harufu. Sabuni alisimama mlangoni, Ulimi akasimama kule mwisho, chini ya dirisha, na kati yao kulikuwa na nafasi ya kutosha kuegesha gari.

"Kabla hujasema," alianza Sabuni, "nataka ujue kwamba mimi sikutaka tufike kwenye..."

"Chai ya mwisho ina moshi."

"Nini?"

"Kile kikombe cha mwisho. Kina moshi. Bila shaka kikaushio cha kiwandani ilikotoka chai kinavuja. Moshi unakaba mpaka koo."

Sabuni alicheka, kicheko cha hasira. "Kwa hiyo ndiyo mbinu yako? Unakubali mbele ya Mkuu, halafu unakuja kunichanganya huku pembeni ili tusizungumze ya kesho?"

"Sikuchanganyi."

"Mimi nipitishe moshi? Mimi ambaye Shangazi akiunguza sufuria najua nikiwa bado kona ya mtaa?"

"Ndiyo maana nimeogopa," alisema Ulimi.

Alikuwa amekuja na kisahani cha yale majani yaliyolowa. Alikiweka juu ya mfuko, katikati ya stoo, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Nusa."

Sabuni alikifuata kile kisahani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kushinda ubishi. Akashusha barakoa, akainamisha uso, akavuta pumzi. Akasubiri. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi, mpaka puani pakauma.

"Barakoa zimeniziba pua," alisema.

"Umeshazishusha."

"Basi ni mafua."

"Una mafua?"

Hakuwa na mafua. Alipandisha barakoa, akatoka mbio hadi kwenye bomba la nje, akachukua kile kipande cha sabuni cha manjano kilichokuwa kikinukia ndimu mpaka wapishi wa kantini wakalalamika. Akakisugua, akakisogeza puani. Kilikuwa kitu kinachoteleza, basi. Hakikuwa na habari nyingine yoyote ya kumpa.

Aliporudi stoo alikaa chini, sakafuni, palepale mlangoni.

"Mama," alisema.

Ulimi alipiga hatua moja mbele, akasita, akarudi. Mikono yake ilitafuta pa kwenda, ikaishia mifukoni.

"Asubuhi nimemkanda mgongo," Sabuni aliendelea. "Nikamfunga kitambaa kichwani. Uso wangu ulikuwa hapa, na wake hapa. Nyumbani huwa sivai barakoa, nyumbani ndiko..." Akainua uso. "Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Unalijua neno lenyewe. Sema, 'Nilikwambia.' Aliyechanjwa ni nani? Anayevaa mbili mbili ni nani? Anayenawa mpaka kucha zimepauka? Na leo ni wewe unayeonja na mimi sionji. Sema tu, sitakasirika."

"Utakasirika."

"Nitakasirika, lakini sema!"

Ulimi alitikisa kichwa. "Sina cha kusema, Sabuni. Mimi mwenyewe sielewi. Nilipovuta ile chai nilifikiri labda mimi ndiye nimeharibika. Nikavuta tena. Moshi. Nikakutazama, umesimama umetulia. Mdomo ukasema 'nimekubali' bila kuniuliza."

"Umedanganya chumbani."

"Ulipokuwa bombani nimempigia Mkuu simu, kikombe kirudiwe. Nimemwambia mimi ndiye niliyekosea."

"Kwa nini?" Sabuni alipandisha sauti. "Kwa nini ubebe kosa langu? Nani kakutuma? Nitampendaje mtu ambaye hata kugombana naye kwa haki haiwezekani?"

Lilikuwa swali la ajabu, na wote wawili walilisikia hivyo. Ulimi alitaka kutabasamu, akashindwa.

"Baba yangu alikuwa mwonjaji," alisema. "Hilo unalijua. Usilolijua ni kwa nini aliacha. Aliugua kifua, si ugonjwa huu, ni zamani. Wakampa dawa kali, sindano asubuhi, sindano jioni. Akapona kabisa. Ila ulimi haukurudi. Mpaka leo mama akimuuliza kama chakula kina chumvi, anasema kiko sawa. Kila siku kiko sawa. Mimi nimekua namtazama akitafuna."

"Dawa ile siyo chanjo hii."

"Kichwani naelewa. Nimeuliza, nimesoma, nimesikiliza. Nikifika kwenye foleni, miguu inarudi." Akashusha pumzi. "Wewe unaogopa ugonjwa usichukue ulimi wako. Mimi naogopa kinga isichukue wangu. Nilifikiri tunapingana, kumbe tunaogopa kitu kimoja."

Sabuni alimtazama mtu huyu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemwita mkaidi mbele ya familia nzima. Hakujua amwonee huruma, amkasirikie kwa kunyamaza muda wote huo, au amwombe radhi. Mambo yote matatu yalimjaa kifuani kwa pamoja na hakuna lililompisha mwenzake.

"Nimpigie mama," alisema.

Aliyepokea simu ni Shangazi, dada wa marehemu baba yake, aliyehamia kwao kuwasaidia na ambaye hakupata kumpenda Ulimi hata kwa picha. Sabuni alimweleza kwa maneno machache: mama akae chumbani peke yake, dirisha lifunguliwe, na yeye Shangazi avae barakoa.

"Ni yeye!" Sauti ya Shangazi ilijaa stoo nzima. "Si nilisema? Mwanaume anayeogopa sindano kama mtoto wa kliniki, atakulinda na nini? Kakuletea maradhi! Sema ni yeye, mwanangu, nimwambie mama yako sasa hivi habari ya kesho imekufa."

Kule chini ya dirisha Ulimi alisikia yote. Akainua mkono, akajionyesha kifuani kwa kidole, akaitikia kwa kichwa. Sema ndiyo.

Sabuni aliziba simu kwa kiganja. "Una wazimu?"

"Mama yako atakuogopa wewe," alisema Ulimi. "Usiku huu atakuwa akikuwazia kama mtu aliyemletea ugonjwa. Mimi hanijui. Mtu asiyemjua ni rahisi kumlaumu. Niachie hilo."

Ilikuwa rahisi kweli. Neno moja tu, na lingeaminiwa na kila mtu, maana lilifanana na kila alilolisema Sabuni mwenyewe miezi yote ile. Aliona namna lingekwenda: mama angemhurumia, Shangazi angeshinda, na Ulimi angetoka maishani mwake kimyakimya, kosa lake mgongoni.

"Shangazi, si yeye," alisema. "Yeye ni mzima. Mgonjwa ni mimi. Nilikoupatia sikujui. Labda sokoni, labda kwa fundi cherehani tulikokwenda wote. Labda kweli umo mwilini mwake na haujajitokeza. Sijui. Lakini sitasema ni yeye."

Shangazi, kwa sauti iliyopungua ukali, akauliza, "Na chanjo je? Si ulituambia ukichanjwa umepona?"

"Sikusema hivyo." Kisha akakumbuka kwamba pengine alisema. "Nilisema inasaidia. Pengine nisingekuwa nayo sasa ningekuwa nimelala chini. Shangazi, mimi ni mwonjaji wa chai, usiniulize maswali ya daktari."

"Mwonjaji usiyeonja," alisema Shangazi, na ajabu ni kwamba alisema kwa upole. "Rudi nyumbani. Nakutandikia chumba cha uani."

Zahanati haikuwa mbali. Walikwenda kwa miguu, yeye upande mmoja wa barabara na Ulimi upande mwingine, na magari yakipita katikati. Muuguzi aliyewapima alikuwa mama wa makamo mwenye macho ya kuchoka juu ya barakoa. Aliwaweka kwenye mabenchi mawili tofauti nje, chini ya turubai. Upande wa kushoto palikuwa na mlango wa waliokuja kupimwa, wa kulia wa waliokuja kuchanjwa.

Majibu yalipotoka, muuguzi alimwita Sabuni kwanza. Anao. Kisha akamgeukia Ulimi. Hana, kwa leo.

"Lakini mimi nimechanjwa," alisema Sabuni, kama anayelalamikia chenji.

"Na umekuja hapa kwa miguu yako," alijibu muuguzi. "Chanjo haikukuahidi kwamba hutaugua. Inapunguza makali. Kunusa na kuonja, kwa wengi hurudi. Mwingine haraka, mwingine taratibu. Mama yako nitakuja kumpima mwenyewe kesho asubuhi. Akibanwa na pumzi kabla ya hapo, msingoje, mleteni."

"Nami?" aliuliza Ulimi. Alikuwa anautazama mlango wa kulia. "Nikitaka kuingia pale leo?"

Sabuni aligeuka upesi kiasi cha kuumia shingo.

"Leo hapana. Umekaa na mgonjwa. Jifungie ndani kwanza, upimwe tena. Ukiwa mzima, mlango hauendi popote."

"Na ladha? Je, mtu akichanjwa..."

"Mkono utauma. Homa kidogo inaweza kuja, ikaondoka. Mimi nimechanjwa, na jana nimemgombeza mume wangu kwa kuzidisha chumvi."

Ulimi alicheka kidogo, kisha akaacha kama aliyekumbuka kitu. Walipotoka getini, kila mtu na upande wake wa barabara, Sabuni ndiye aliyeanza kusema. Ilimbidi aseme kwa sauti ili magari yasimmeze.

"Jibu la leo lilikuwa nini?"

"Hapana!" alijibu Ulimi kutoka ng'ambo. "Nilikuja kukuambia hapana. Siwezi. Nilikaa usiku kucha nikitafuta maneno mazuri ya kuisema."

Lori likapita. Lilipoondoka, wote walikuwa wamesimama.

"Mimi niliapa ukisema hapana nakuacha," alisema Sabuni.

"Na sasa?"

"Sasa sijui! Wewe?"

"Sijui!"

Mwanamke aliyekuwa akipita na kikapu aliwatazama, mmoja huku na mwingine kule, akatikisa kichwa na kuongeza mwendo.

Nyumbani, dirisha la chumba cha mama lilikuwa wazi kama alivyoagiza. Mama alikuwa ameketi pale, shuka mabegani, na kabla Sabuni hajafungua geti la uani alishaanza.

"Yule ng'ambo ndiye?"

"Mama, usitoe kichwa nje."

"Mbona mrefu hivi? Hukuniambia ni mrefu. Wewe kijana! Ndiye wewe?"

Ulimi alivua kofia. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba! Nasikia ulitaka kubebeshwa ugonjwa usio wako!"

Shangazi, aliyesimama nyuma ya mama na barakoa imepinda, akaangalia pembeni. Sabuni alielewa kwamba kiganja chake hakikuwa kimeiziba simu, na maneno ya Ulimi yalifika mpaka nyumbani.

"Ndiyo, mama!"

"Usirudie! Mtu mwongo kwa wema anasumbua kuliko mwongo wa kawaida!" Mama alipumzika kidogo, pumzi ikimpigia mluzi kifuani. "Na hiyo sindano, utachoma, huchomi?"

Mtaa mzima ulikuwa unasikia. Fundi baiskeli wa jirani aliacha kupiga nyundo. Ulimi aliinamisha kichwa, kisha akakiinua.

"Naogopa, mama!"

"Mimi nilipochomwa nilimng'ang'ania muuguzi mpaka akaniomba nimwachie mkono," alisema mama. "Sasa nenda kajifungie. Ukiisha kuogopa, uje. Na usipoisha, uje hivyohivyo, tutakuweka hapo nje tuzungumze."

Sabuni hakungoja kusikia zaidi. Aliingia chumba cha uani, akafunga mlango, akaketi kwenye godoro alilotandikiwa. Juu ya kigoda palikuwa na kikombe cha chai, bado ya moto. Alikunywa. Maji ya moto, basi. Alijaribu kukumbuka chai inakuwaje na akaona anakumbuka maneno tu: ukakasi, wepesi, uchangamfu. Maneno yote aliyokuwa akiyatangaza kila siku kwa sauti ya uhakika.

Dirisha la chumba hicho lilitazama kichochoro. Baada ya muda alisikia hatua. Ulimi alikuwa amezunguka, amesimama upande wa pili, kaegemea ukuta wa jirani.

"Si umeambiwa ukajifungie?"

"Naenda. Nimekuja kukuaga."

"Umeshaniaga."

"Nilimuaga mama yako. Wewe bado."

Kabla hajajibu, sauti ilitoka ndani ya nyumba kubwa, kutoka chumba cha mama. Fupi, ya kukatikakatika, ikipanda na kushuka. Sabuni alisimama ghafla, chai ikamwagika magotini. Sauti ikarudi tena. Alikwenda mlangoni, akashika kitasa, akakumbuka, akakiachia kama kimemuunguza. Hakuweza kwenda. Hata kama mama alikuwa akikabwa roho, yeye ndiye mtu pekee duniani asiyetakiwa kuingia chumbani mule.

Alirudi dirishani. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Anacheka au anakohoa?"

Ulimi alitoka ukutani, akasogea mpaka kwenye kona ya nyumba, mahali ambapo sauti ilifika vizuri zaidi. Akainamisha kichwa. Sabuni aliushika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili, akamtazama usoni alivyosikiliza, uso ambao alikuwa ameujua kikombe kwa kikombe, na akagundua kwamba hakuna mtu mwingine ambaye angetaka amletee jibu lile, liwe la namna yoyote.

Ulimi alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akageuka.

"Anacheka," alisema. Akasikiliza tena. "Nadhani."

"Unadhani?"

"Nadhani, Sabuni. Ngoja nisikilize."

Wala hakuondoka.